Wiki Ile Walizikwa Watatu

"Watatu, Wilfred! Wiki ile walizikwa watatu tu. Mmoja wao kalala kaburini na mwanangu. Nitajie jina!"

"Bibie, chai inapoa."

"Na ipoe iwe barafu!"

Wilfred Holroyd akashika kikombe chake kwa mikono miwili na asinywe. Kwa miaka hamsini na miwili mzee huyu alikuwa amelikalia jina moja kama kuku aliyeatamia jiwe, na leo mkewe amekuja kumnyanyua.

Sasa huyo mkewe, Enid, kijiji kizima cha Harsby kinamjua. Alikuwa mpishi wa shule, masomo yake ya kuungaunga, lakini mpe daftari la kanisa la miaka mia tatu, mwandiko kama kuku kapita na matope miguuni, atakusomea huku anamenya viazi. Wageni wametoka mpaka Australia kuja kuulizia mababu zao. Birika halijachemka, Enid ameshawaambia babu yao hakuwa nahodha, alikuwa mwizi wa kondoo, nao wakaondoka wanamshukuru kwa machozi. Wanasema siku moja alipiga chafya kule kanisani, vumbi likaruka, na kwenye vumbi likadondoka jina la mtu aliyepotea tangu mwaka 1611. Mimi sikuwapo, ila vumbi nimeliona.

Watu walidhani anatafuta ukoo wa kina Holroyd. Uongo huo aliutia mbolea mwenyewe ukaota. Aliyekuwa akimtafuta hakuwa na ukoo wala jina. Ni binti yake wa kwanza, aliyezaliwa Februari 1963, baridi ile iliyogandisha hata maji ya ubatizo, na akazaliwa kimya. Mkunga alimviringisha kwenye taulo, akatoka naye. Enid aliona kisigino tu. Baadaye Wilfred aliingia na theluji kwenye viatu, akasema, "Imekwisha," akawasha moto. Hawakulizungumza tena. Miaka miwili mbele wakampata Judith, na Judith naye hajawahi kuambiwa.

Madaftari ya zamani sana yalishapelekwa mjini, lakini lile la mazishi bado liko kanisani, ndani ya sanduku la chuma. Tangu enzi za babu yake Enid halijajaa. Harsby ni kijiji kidogo na watu wake wabishi, hata kufa wanaahirisha. Siku ya kwanza kasisi alipompa ufunguo, Enid alifunua moja kwa moja ukurasa wa Februari ile. Mtoto wake hakuwamo. Asiyepumua habatizwi, na asiyebatizwa hakupewa mstari.

Miaka sita iliyopita, mjane wa Amos Pickersgill, mtengeneza majeneza, ndiye aliyemnong'oneza. Ardhi ilikuwa ngumu kama chuma, na watoto wa namna ile hawakuchimbiwa kaburi lao. Waliingizwa kimya kimya kwenye jeneza la mtu mwingine aliyekufa wiki hiyo, na ndugu wa marehemu hawakuambiwa. Enid akarudi kwenye daftari, akahesabu: Mzee Thwaite, mama yake Ellerby, na Mwalimu Cragg. Akakisia Thwaite, kwa kuwa alikuwa na jeneza pana.

Ila asubuhi ya leo mjane huyo, mgonjwa kitandani, alimwongezea lililobaki: mtoto alibebwa hadi kwenye jeneza na Wilfred mwenyewe.

"Ulisimama pale mpaka misumari ikapigwa," Enid alisema. "Mdomo wako ulikuwa wapi miaka yote hii?"

"Daktari alinikataza. Alisema utazaa mwingine, utasahau."

"Nikazaa. Hebu niangalie, mzee. Hii ni sura ya mtu aliyesahau?"

Wilfred akaangalia kikombe.

"Ni Thwaite?"

"Siye."

"Siye! Miaka sita nalipelekea maua zee lile la pombe, halijawahi kuonja maji maisha yake yote! Nalipalilia, nalisemesha, nimelisimulia mpaka harusi ya Judith!"

"Na mimi nilikuwa nashangaa. Nikadhani mlikuwa na mambo yenu ya ujana."

"Usinichekeshe, Wilfred. Leo usinichekeshe." Lakini pua ilishaanza kumcheza. "Basi ni mama yake Ellerby."

Mzee akatikisa kichwa.

Likabaki jina moja. Enid akavuta kiti, akakaa.

"Usiniambie," akasema, yeye aliyekuwa akipiga kelele aambiwe. "Usiniambie ni Cragg."

Mwalimu Cragg alikuwa amewachapa wote wawili vidole kwa rula. Hakuzaa, hakuolewa, na kigari cha mtoto akikiona huku anavuka barabara kwenda kule. Jumapili moja mtoto alilia akibatizwa, Mwalimu Cragg akageuka akamtazama mara moja tu, na maziwa ya ng'ombe wote wa Harsby yakachacha siku hiyo hiyo.

"Yule mwanamke hakuweza kuvumilia mtoto akilia," Enid alisema.

"Najua." Wilfred aliweka kikombe mezani. "Wetu hakulia."

Mvua ikasikika dirishani.

"Amos alitaka kumweka miguuni," mzee akaendelea, polepole, kama anayesoma kitu kilichofutika. "Nikakataa. Nikamwomba amweke kwenye mkono wa Mwalimu, huu wa kulia. Mkono ulikuwa umeshakakamaa, tukahangaika nao. Nikamwambia, 'Mwalimu, samahani sana.' Nilikuwa na miaka ishirini na sita, Enid, na bado nilimwogopa."

Enid akanyoosha mkono juu ya meza, akakishika kiganja chake. Hakukibana, hakukiacha.

"Ulimfunua taulo?"

"Nilimfunua."

"Mimi niliona kisigino tu. Wilfred, alifanana na nani?"

Mzee akainua macho. Midomo ikafunguka.

Mlango wa nyuma ukasukumwa, na Judith akaingia na mwavuli unaochuruzika, mkate kwapani.

"Jamani mvua hii, hata bata wamekimbilia ndani! Mama? Baba? Mbona mko hivyo, nani kafa?"