Mume wangu anauita mwaka ule mwaka mzuri wa mvua

Admin, jina langu lifiche, maana hapa mji wetu wa Kamina tunajuana. Mimi ni mama wa miaka sitini na mbili, mwalimu mstaafu, Mmethodisti, na nimeolewa na mwanaume mmoja tu maisha yangu yote. Simchukii. Lakini ninaumia, na umri huu nilidhani nimemaliza kulia.

Mume wangu alikuwa mpimaji wa mvua. Kila asubuhi alisoma kipimo, mwisho wa mwaka akajumlisha. Msiicheke kazi hiyo kama ndugu zangu walivyomcheka, eti anahesabu matone. Mabwana wa maji wakipata mvua ya miaka mingi mfululizo, ndipo wanapopiga hesabu: mwaka wa kawaida unaleta kiasi gani, mwaka mkavu unaweza kurudi baada ya muda gani, na tanki la mji liwe kubwa vipi ili watu wasife kiu. Mwaka mmoja ukikosekana, hesabu inachechemea.

Miaka ya tisini ikielekea kuisha, vita ilitukaribia. Treni zikakatika, watu wakafunga mizigo. Nilimwambia, "Baba Ngoie, twende kwa mama yangu ku kijiji. Batoto bangali badogo."

Akanijibu, "Weye enda na batoto. Minyi nikitoka, nani atapima? Mwaka muzima itakosekana."

Nikaondoka kwa miguu, Ngoie nimemshika mkono, mdogo wake mgongoni. (Ngoie si jina lake la kweli.) Mvua ilitupiga njia nzima, hatukuwa hata na turubai. Ngoie alikuwa na miaka sita. Homa ikamshika, kifua kikabana, dawa hakuna. Nilimzika kijijini bila baba yake.

Habari ilipomfikia alikuja, akalia mpaka mimi ndiye niliyembembeleza. Kisha akarudi kwenye kipimo chake. Nikameza. Yaliyopita si ndwele, nilijiambia.

Sasa mwezi uliopita walikuja nyumbani mainjinia vijana wanaopanga maji mapya ya mji. Kwingine vipimo vya miaka ya vita havipo, vya mume wangu vimekamilika. Wakamuuliza kuhusu mwaka ule, mimi nikiwa nawagawia chai. Akatabasamu: "Ah, ile! Ile ilikuwa mwaka muzuri. Mvua ilinyesha bien, hata minyi nilifurahi."

Niliweka birika chini nikatoka.

Walipoondoka nikamuuliza, "Baba Ngoie, ile mwaka unaikumbuka?"

"Nitakosa kuikumbuka? Njo ile, ndiyo ile ya mvua mingi."

"Njo ile Ngoie alikufwa."

Akanijibu, "Mama Ngoie, minyi nilikuwa nasema juu ya mvua tu."

Na hakusema uongo. Hilo ndilo linaloniua.

Jumapili ijayo mchungaji atamshukuru mbele ya kanisa, kwa sababu hesabu zake zitasaidia kuleta mabomba mpaka mtaa wetu. Wanataka nisimame kando yake nitoe ushuhuda. Watoto wetu wananisihi, "Mama, samehe, baba amezeeka." Nikisema yaliyo moyoni, nitamwaibisha mzee siku yake ya pekee ya heshima. Nikinyamaza, kanisa zima litaupigia makofi mwaka uliomzika mwanangu, na mimi nitapiga pamoja nao.

Ndugu zangu, nishaurini. Nisimame pale, au nibaki nyumbani?