Pweza Alivyofanywa Mhazini wa Shetani

Nimewahi kumsikia mtu akiapa kanisani, akili zake timamu, kwamba mhazini wa shetani ni pweza.

Mtu huyo hakuwa mlevi. Ni Mulei, kaka yangu wa tumbo moja, tuliyekula naye muthokoi wa mahindi sufuria moja.

Na watu walimpigia makofi.

Hii ilikuwa Kilungu, mwaka 1991. Kaa chini nikueleze.

Mulei alikuwa na kazi Watamu, kwa Mjerumani mmoja aliyekuwa akiwapeleka watalii kuzamia. Unavaa kioo cha macho, unabeba mtungi wa hewa mgongoni, unauma mpira mdomoni, unashuka kutazama samaki.

Alianza kwa kujaza mitungi. Akafundishwa kuzamia. Mwishowe akawa anapiga picha huko huko chini, kamera ikiwa ndani ya sanduku lisiloingia maji, na watalii wanazigombania.

Ndiyo, Mkamba. Wa milimani. Mtu ambaye maji mengi aliyoyajua utotoni ni ya pipa la mvua.

Mimi nilijivunia. Kazi ni kazi, na hii aliifanya vizuri. Alikuwa na picha ya kasa akipita juu yake kama ndege, nikaitazama mpaka chai ikapoa.

Sasa Mulei akapenda. Msichana aliitwa Nthenya, mwalimu wa nasari, binti wa Mzee Nzioka. Mzee Nzioka alikuwa mzee wa kanisa, na alitaka kila mtu akumbuke hivyo hata akiwa anakamua ng'ombe.

Tukapeleka mbuzi wa ntheo. Kwetu, mmoja wao akichinjwa kwa kina msichana, basi huyo ni mke. Mengine ni mapambo.

Mbuzi wakafungwa uani. Kisu kikanolewa.

Hapo ndipo kaka yangu, kwa hekima zake, akatoa albamu.

"Baba, hii ndiyo kazi yangu."

Alidhani atawafurahisha! Watu ambao hata samaki wa kukaanga wanamwona ni nyoka aliyefupishwa, wewe unawaonyesha mkunga, samaki mrefu kama nyoka, ameachama meno nje.

Mzee Nzioka akafunua. Akafunua tena. Akasimama kwenye picha moja: mtu mweusi tii, jicho moja kubwa la kioo, miguu kama ya bata, mapovu yanamtoka kichwani.

"Huyu ni nani?"

"Ni mimi, baba."

"Uko wapi hapa?"

"Chini ya bahari."

Mzee Nzioka akaiachia albamu kama kaa la moto. Hata mbuzi walishtuka.

Lazima uelewe mwaka wenyewe. Kanda za ushuhuda zilikuwa zimejaa kila nyumba yenye redio. Fulani aliishi chini ya bahari pamoja na majini na mashetani. Fulani alikunywa damu huko kwa vikombe vya dhahabu. Watu walikuwa wakizisikiliza wakichambua maharagwe.

"Aiya!" mama Nthenya akapiga yowe. "Wametuletea jini na mbuzi!"

Pasta Muli alikuwa pale pale, akingoja nyama. Akaishika picha, akaigeuza juu chini, akairudisha.

"Binadamu hapumui majini," akasema.

Nikaingilia. "Pasta, ni mtungi. Hewa inashindiliwa ndani kama ya tairi, unaivuta kidogo kidogo."

Akanitazama kwa huruma. "Mama Kasyoka, wewe una diploma. Hewa ya Mungu iko juu. Hiyo ya chini ni ya nani?"

"Ni hiyo hiyo ya juu, imebebwa!"

"Imebebwa na nani?"

Nikaketi. Unaweza kubishana na mjinga, lakini si mjinga mwenye cheo.

Hukumu ikatolewa papo hapo. Mbuzi wakae na uhai wao. Jumapili Mulei asimame kanisani, akiri na kuuacha ufalme wa chini. Akikataa, hana mke.

Jumamosi Nthenya akapita kwangu akijidai anarudisha ungo. Akakaa na albamu na Mulei, nami nikakaa katikati yao nikipepeta pojo, maana mimi si mjinga.

"Huyu?"

"Chewa. Anapenda kulala pangoni."

"Na huyu mwenye mikono kama mizizi?"

"Pweza. Ana haya sana. Ukimkaribia anageuka rangi ya jiwe."

Nthenya akacheka. "Nikija huko utanifundisha kushuka?"

"Hata mimi nilifundishwa."

Akasimama. "Basi kesho sema hivyo hivyo. Ni samaki, na ni kazi. Baba atanuna, halafu atachoka. Mimi namjua."

Alipotoka, Mulei akanigeukia. "Dada, na nikikiri kidogo tu?"

"Ukiri nini?"

"Chochote. Dakika tano, nao wanachinja."

"Mulei," nikamwambia, "msichana amekupa jibu mkononi kama kikombe cha uji. Kunywa."

Jumapili kanisa lilijaa hadi madirishani. Watu walikuja kutoka hata ng'ambo ya kilima. Hakuna anayekosa jini la bure.

Mulei akapanda mbele, albamu kwapani. Nthenya alikuwa kwenye kwaya, safu ya mbele.

Akaanza vizuri. "Mimi nilikuwa nikifanya kazi baharini..."

"Ndani yake!" mtu akapaza sauti.

"Ndani yake," akakubali.

"Woooi!" kanisa zima.

Nikaona macho ya kaka yangu yakibadilika. Kule Watamu hakuna aliyewahi kumpigia kelele namna hii kwa kumwona chewa. Akaonja. Akakolea.

Kidogo, kwa kusimulia kwake, akawa amepewa sare na shetani. Akawa askari wa lango. Akainua picha ya mkunga: "Huyu ndiye karani." Akainua ya pweza: "Huyu ndiye mhazini. Mikono minane, na yote inapokea!"

Makofi. Pasta Muli alikuwa analia kwa furaha, maana sadaka ya siku hiyo ilikuwa tayari inaonekana.

Akainua picha ya kasa wangu.

"Na huyu mzee," akasema, "ndiye anayepanga ajali zote za barabara ya Mombasa."

Sikumjua tena.

Ndipo akasimama Kaluki, mjane wa jirani yetu Ndeti. Ndeti alikufa barabara hiyo hiyo, lori lilipopinduka karibu na Kiboko. Mama wa watu alikuwa ameshika kiti cha mbele kwa mikono miwili.

"Mulei mwanangu. Baba yao ulimwona huko?"

Neno moja tu lilihitajika. *Hapana.* Mtoto wa nasari anaweza kulisema.

Mulei akatazama viti vilivyojaa. Watu wote walikuwa wanamngoja.

"Nilimwona, mama. Aliwaulizia."

Kaluki akaanguka chini kwa kilio. Kanisa likalipuka. Mzee Nzioka akaruka mbele, akamkumbatia kaka yangu: "Huyu ni mkwe! Leo tunachinja!"

"Baba."

Nthenya alikuwa ametoka kwenye safu ya kwaya.

"Wale mbuzi waliletwa na mpiga picha za samaki," akasema. "Huyo ningemfuata hata chini ya maji. Huyu askari wa shetani hajaleta hata kuku."

Akatoka nje. Alitembea tu, hakukimbia.

Baba yake alibembeleza, akafoka, akaomba. Alikuwa amempata mkwe wa ndoto zake, na binti hamtaki! Mbuzi wetu tukarudishiwa wote wakiwa hai, wamenenepa kidogo.

Unadhani imeisha?

Kesho yake Kaluki alikuja kwetu. "Mulei, baba yao alisema shamba la chini nimpe nani?"

Mzamiaji mzima alikuwa chini ya kitanda changu. Nikamvuta kwa mguu, nikamsimamisha mbele ya yule mama.

"Mwambie."

Akamwambia. Kwamba ni samaki tu, kwamba hakumwona Ndeti wala shetani, kwamba alidanganya ili apewe mke.

Kaluki alimsikiliza hadi mwisho. Halafu akauliza polepole, kama mtu anayetaka kujua kweli:

"Sasa mwanangu, uongo ni upi? Wa jana, ama huu wa leo?"

Mulei akanigeukia mimi nimjibie.

Ndugu msomaji, kukiri usichofanya ili watu wakupende ni rahisi sana. Na watakupenda, ndiyo. Lakini watakayempenda ni mtu mwingine, na wewe ndiye utakayelala naye kitanda kimoja maisha yako yote.