Kochi Lililoimba

Fundi mmoja wa makochi watu walimpachika jina la Hewani, maana simu yake haikuwahi kupoa. Akipiga misumari, simu iko sikioni. Akila, simu iko kando ya sahani kama mgeni wa heshima. Mkewe alikuwa akishona vitambaa vya makochi kwenye cherehani mumo humo karakanani, na kwa kuchoka kumwita kwa mdomo, siku hizi alimtumia ujumbe: "Chai tayari." Naye Hewani, bila kuinua kichwa, alimjibu kwa alama ya kidole gumba.

Asubuhi moja mkewe akaweka begi mlangoni.

"Kesho naenda kwa dada yangu," alisema. "Nitarudi siku utakayogundua kuwa sipo."

Maneno hayo yalimchoma Hewani, lakini akajikausha, akaendelea kushindilia sponji kwenye kochi la mteja huku akijibu simu za watu. Jioni, kochi limeshavishwa na kupendeza, akajipapasa mifukoni. Hola, simu haimo. Akatafuta kwenye boksi la misumari, akachungulia hata ndani ya birika.

"Hebu nipigie, mke wangu."

Mkewe akapiga, na kochi likaanza kuimba.

Simu ilikuwa mgongoni mwa kochi, imeshindiliwa pamoja na sponji. Hewani akachukua mkasi.

"Kata tu," mkewe alisema, "ila kitambaa hicho kimekwisha dukani, na mteja anakuja kesho."

Hewani akaweka mkasi chini. Wakakaa kwenye kochi ili watafakari, na mara simu ikawatetemekea migongoni.

"Nani huyo?" Hewani aliuliza kwa wasiwasi.

"Simjui, lakini anajua kukanda. Mwache aendelee."

Hewani akacheka, mkewe akacheka, wakashikana wasianguke. Simu ikiita, wanaegemea wote wawili na kubishana ni mteja gani mwenye mkono mzito namna hiyo. Katikati ya vicheko Hewani akamkazia macho mkewe.

"Umenyoa nywele?"

"Mwezi uliopita. Nilikutumia picha."

"Nikasemaje?"

"Kidole gumba."

Aibu ilimshika Hewani, kisha kicheko kikamzidi nguvu. Siku hiyo alipika yeye, akaunguza, wakala hivyo hivyo. Mkewe akamsimulia habari za miezi mizima, akiigiza sauti za majirani, na Hewani akasikiliza kwa masikio yote mawili. Simu ikaishiwa chaji, na hakuna aliyeililia.

Kulipokucha Hewani akalipindua kochi, akang'oa pini chache za kitambaa cha chini, akapenyeza mkono na kuitoa simu. Kazi ya kufumba na kufumbua. Mkewe alikuwa amesimama nyuma yake.

"Kumbe jana ulijua kuwa huku chini kunafunguka."

"Na wewe je? Si wewe unayenishikia kitambaa hiki nikipiga pini?"

Mkewe akaangalia pembeni akitabasamu. Hewani akaitupa simu, imezimika vilevile, kwenye boksi la misumari, akaenda mlangoni.

"Begi hili nalirudisha ndani," alisema. "Ukitaka kuondoka, tuondoke wote."

Akajikaza, akalinyanyua kwa nguvu zake zote, nusura aanguke chali. Begi lilikuwa jepesi ajabu. Akafungua zipu: mabaki ya sponji, mpaka juu.

"Kushindilia," mkewe alisema, "nimejifunza kwako."