Tapi Niliyowatandikia Bakwe

Mi ni mtu wa nyumbani. Wengine hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi, wanaamka na kwenda sokoni au kanisani. Mimi naamka na kulinda sufuria. Nilimaliza sekondari Bukavu, na diploma ile inanisaidia kusoma paketi ya soda ya mandazi. Aliyetulisha ni mdogo wangu wa kike, mshonaji, na hakunificha jambo.

"Yaya," aliniambia siku moja, maana kwetu kaka mkubwa ni yaya, "kama ungekuwa kiti, angalau bantu wangekukalia."

Nikatafuta namna ya kufaa kitu. Familia moja ya Mtandire, huko Lilongwe, ilikuwa inahama na kuacha tapi, zulia jekundu la sebuleni. Nikalileta. Sakafu yetu ni udongo mtupu, kwa hiyo nikafikiri kisomi: udongo una unyevu, plastiki inazuia unyevu. Nikatandika kwanza bashi, ile plastiki nene tunayofunikia paa hapa kambini, kisha zulia juu yake, nikapigilia misumari pembeni. Majirani walikuja kuangalia. Niliwavua viatu mlangoni kama balozi.

Mvua zikaanza, na nyumba ikaanza kunuka. Harufu ya mbwa aliyelalia nguo mbichi.

"Yaya, ni we ao ni tapi?"

"Ni tapi."

"Inua mukono nihakikishe."

Alitania, lakini alikuwa na hofu. Kijana mmoja wa Kauma, huko huko Lilongwe, alitaka kumuoa, na shangazi wa kijana alikuwa anakuja kuona nyumba kabla neno lolote la mahari halijasemwa. Shangazi huyo alishakataa msichana mwingine kwa sababu ya masizi kwenye sufuria. Sufuria tu! "Akinusa hii," mdogo wangu alisema, "njo mwisho yangu."

Basi nikapigana. Nilimwaga siki iliyochanganywa na maji, nikasugua kwa burashi. Nilinyunyiza soda. Nikaweka mabakuli ya makaa pembeni. Mchana harufu ilipungua, asubuhi ilirudi imenenepa, nami nikaongeza siki.

"Ngoa hiyo tapi, uianike nje," akasema.

"Chini iko salama. Kuna plastiki."

"Yaya, nakuomba."

"We shona nguo. Mambo ya nyumba uniachie."

Siku ya wageni nilimwaga zuliani chupa nzima ya manukato, ile mdogo wangu aliyoletewa na yule kijana. Aliiona chupa tupu. Alifunga kitambaa kichwani, akaenda kupokea wageni.

Nikawavua viatu na wao pia, shangazi na kijana. Shangazi akapiga hatua moja, akasimama, akanusa.

"Nani alikufa humu, mukamupakaa parfe?"

Akapiga hatua ya pili. Soksi yake ikalia pwaa. Akainama na kuvuta pembe ya zulia. Misumari yangu ilitoka kama meno ya mzee. Chini yake palikuwa na dimbwi: maji ya ukuta unaovuja na siki yangu yote, vimelala juu ya plastiki bila pa kwenda. Mgongo wa zulia ulikuwa mweusi. Kwenye pembe uyoga ulikuwa umeota, mweupe, wenye afya kuliko mimi.

"Aa, njo mboga ya leo," shangazi akasema. "Bukari iko wapi?" Yaani ugali.

Kijana alicheka hadi akashika ukuta.

"Nani alitandika hii?" shangazi akauliza.

Mdogo wangu hakunitazama. "Ni yaya. Alisoma."

Sijawahi kusikia watu wakicheka vile. Na yeye alicheka, kwa sauti kuliko wote, mkono kwenye bega la shangazi. Shangazi akafuta machozi, akamwambia kijana, "Huyu mutoto tumutoe humu haraka, naye asiote uyoga."

Ndivyo alivyoposwa.

Mdogo wangu alipoolewa na kuondoka, nililing'oa zulia lote. Nilitupa plastiki, nikaacha sakafu ikauke mlango wazi, nikapiga zulia kwa fimbo kwenye uzio, nikaligeuza juani pande zote mbili, nikanyunyiza soda na kuiacha ilale humo kabla ya kuikung'uta. Sasa halinuki kabisa. Hakuna wa kumwambia anuse.

Juzi nilikwenda Kauma kumsalimia. Nilivaa shati lililopigwa pasi. Shangazi alikuwepo. Waliniona mlangoni, wakatazamana, na mdogo wangu akaingia ndani, akatoka na kipande cha plastiki. Akakitandika kwenye kiti, akakilainisha vizuri kwa kiganja.

"Karibu, yaya. Kaa."

Shangazi alikuwa ameshaanza kucheka. Nikakaa. Nilikunywa chai yangu polepole, na nilipoinuka kuaga, plastiki ilinifuata, imenata kwenye suruali kwa jasho.