Bi Spana na Dakika ya Kumi na Nane

Saa mbili asubuhi, Bi Spana, fundi wa magari, ameketi kwenye kiti cha abiria, macho kwenye saa ya mkononi. Anayeendesha ni mwenye gari, mwalimu wa shule ya msingi. Wanasubiri gari lizime.

Gari hili limerudi kwake mara ya tatu. Kwanza alibadilisha plagi, kisha pampu ya mafuta. Likiwa gereji linanguruma vizuri. Likiingia barabarani, linazima. Juzi lilizimia katikati ya daraja, lori likiwa nyuma, na ndani alikuwemo mama mzazi wa mwalimu akipelekwa hospitali kusafishwa damu. Hupelekwa mara tatu kwa wiki, na kesho ni siku yake.

"Lile lori lingekosa breki, ningekuwa nimeua mama wa watu," anasema fundi huyu wa miaka kumi na tisa. Tangu juzi chakula hakimpiti kooni.

Ndiyo maana leo amekataa kulipima likiwa limesimama. Gari bovu, anasema, ni kama mtoto mtukutu: mbele ya wageni hutulia.

Dakika ya kumi na nane injini inakohoa, inazima. Mwalimu analisogeza pembeni. Plagi mpya, pampu mpya. Bi Spana amebakiwa na kitu kimoja cha kukagua: njia ya hewa ya tangi la mafuta. Anazunguka nyuma, analegeza kifuniko cha tangi. Hewa inaingia kwa mluzi mrefu. Ndani ya kifuniko kuna kipande cha nailoni, kimekunjwa mara nne.

Anauliza nani amekiweka. Mwalimu anainamisha kichwa: ni yeye, kwa kuwa harufu ya petroli ilikuwa inamtapisha mama.

"Tangi nalo linapumua, mwalimu. Ukiliziba pua, mafuta yakipungua hewa haiingii, mwishowe hayaendi tena."

Anakitoa, na gari linawaka mara moja. Hamcheki mteja wake. Anajilaumu mwenyewe, kwamba mara mbili alifungua injini bila kuuliza wenyewe wanaishi vipi na gari lao. Harufu ilitokana na mpira wa kifuniko uliochakaa. Atauweka mpya leo.

Wanazunguka tena dakika arobaini. Halizimi. Bado hajatulia, na kesho ameomba kupanda nao hadi hospitali.

"Mama akienda na kurudi salama," anasema akifungua mkanda, "nitakula."