Kundi la Wazima

Mdogo wangu anasomea kutembea. Ndivyo tunavyosema nyumbani, na msinisahihishe, kwa sababu jina lenyewe la somo, biomekaniki, shangazi yetu alilijaribu mara moja akajiuma ulimi, akaliacha hapohapo. "Yaani mmempeleka mtoto chuo kikuu akasomee kutembea?" alimuuliza Mama. "Si alishajua akiwa na mwaka mmoja?" Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikucheka. Mimi ndiye niliyekuwa naulizwa na wateja saluni mdogo wangu akimaliza atakuwa nani, na jibu sikuwa nalo. Nilisema daktari wa miguu, nikageuza mazungumzo.

Nyumbani tunamwita Rula. Ni mrefu, mwembamba, amenyooka, na ukitoka naye barabarani anakuchosha. Haangalii nyuso za watu, anaangalia magoti. Kuna mwanamume mmoja alikuja nyumbani kuniulizia, mtu wa heshima zake, kavaa vizuri. Hajakaa hata kwenye kiti, Rula akamwambia, "Kaka, nyonga yako ya kushoto inashuka ukikanyaga." Mwanamume yule hakurudi tena. Nilimnunia Rula mpaka likizo ikaisha, na yeye akaendelea kushangaa nimekasirikia nini, kwa sababu nyonga ilikuwa inashuka kweli.

Basi huyo ndiye tuliyekuwa tunamsubiri amalize. Mama anapiga pasi kwenye dobi kubwa linalofua shuka za hospitali. Anasimama kuanzia asubuhi mpaka jioni mbele ya mvuke, na kwa miaka yote ya masomo ya Rula alikuwa na wimbo mmoja tu: "Rula akimaliza, mimi nakaa chini." Na hakuwa anaota. Kitengo cha mazoezi ya viungo, kwenye hospitali hiyohiyo, walishamwambia Rula kwamba akipata shahada yake aje, nafasi ipo, ila hawatamngoja mwaka mwingine. Kwa hiyo kila mtu nyumbani alijua hesabu ilivyo. Rula afaulu, Mama aweke pasi chini. Rula asifaulu, pasi iendelee.

Kilichobaki kilikuwa utafiti wa mwisho. Rula alichagua kuchunguza jinsi wanavyotembea wanawake waliovuka miaka hamsini ambao kazi yao ni ya kusimama. Kundi moja la wanaoumwa nyonga, kundi jingine la wazima, halafu ayalinganishe. Kundi la wazima lilitakiwa liwe na wanawake kumi na wawili, asipungue hata mmoja. Kumi na wawili hao ndio walioniotesha mvi.

Maabara yao ni chumba kirefu kwenye ghorofa ya chini, madirisha yamepakwa rangi nyeusi, na ukutani kamera zimekuzunguka kila upande. Mwanamke anaingia, anapewa bukta ya kubana, kisha anabandikwa vigololi vinavyong'aa nyongani, magotini, kwenye vifundo vya miguu. Kamera hazimwoni yeye, zinaona vigololi tu, na kompyuta inaviunganisha mpaka anatokea mtu wa mistari. Katikati ya sakafu limezikwa bamba la chuma linalopima unakanyaga kwa nguvu kiasi gani. Halafu Rula anakwambia utembee toka huku mpaka kule, na anaongeza maneno mawili ambayo sasa siwezi kuyasikia bila kuchafukwa roho. "Tembea kawaida."

Hebu jaribu. Mtu akishaambiwa atembee kawaida, amekwisha. Mikono inamsumbua, hajui aiweke wapi. Shingo inakakamaa. Kuna mama mmoja, muuza nyanya, mwanamke wa shoka kabisa, alinyanyua mkono wa kulia pamoja na mguu wa kulia akaenda hivyo chumba kizima kama askari aliyefukuzwa jeshini.

Na Rula, kwa wema wake, akaharibu zaidi. Aliona akina mama wanalikosa bamba, mguu unatua kando, inabidi warudie mara nyingi na wamechoka. Akawaonea huruma. Akachukua utepe wa njano akalizungushia bamba, ili walione. Akina mama wakafurahi, wakawa wanalikanyaga katikati bila kukosea. Muhula mzima alirekodi hivyo. Alikuja nyumbani anang'aa, anasema data zake ni safi kuliko za darasa zima.

Profesa wake ni mama mfupi, mpole, haongei kwa sauti, na ndiyo maana akikuvunja moyo unasikia kila neno. Alitazama rekodi za mwanzo tu, akavua miwani. "Hawa hawatembei," alimwambia. "Hawa wanalenga." Kila mwanamke, akikaribia utepe, alikata hatua ili mguu uingie kwenye boksi, kama mtu anayeruka dimbwi na viatu vipya. Hakuna hata hatua moja ya kweli mle ndani. "Anza upya," Profesa akasema, na akamtakia siku njema.

Jamani, nilichukia. Nilimchukia Profesa, nikamchukia Rula, nikauchukia na utepe. Muhula mzima umekwenda na maji kwa sababu ya huruma.

Alipoanza upya akatandika plastiki moja sakafu yote, hata mimi nisijue bamba liko wapi. Tena akaambiwa apate mtu wa kuwapigisha soga hao wanaotembea, ili wasahau kwamba wanatazamwa. Akanifuata saluni. "Dada, wewe unaweza kuongea siku nzima bila kupumua."

"Hiyo ni sifa au tusi?"

"Ni sifa, dada. Njoo unisaidie."

Nikawa nafunga saluni asubuhi, nakaa kwenye kiti mwisho wa maabara, nawauliza wake za watu habari za wakwe zao. Na msiidharau kazi hiyo. Yule muuza nyanya, nilipomgusa kwenye habari za wifi yake, alitembea vizuri mpaka Rula akanionyesha dole gumba. Tukaenda hivyo mpaka wakapatikana kumi na mmoja. Wa kumi na mbili, aliyekuwa ameshaahidi, akasafiri kwa binti yake aliyejifungua, na hakusema anarudi lini.

Zimebaki siku chache. Ijumaa ndiyo siku ya mwisho, maana kuanzia Jumatatu maabara imepewa timu ya mpira ya chuo, na timu ya mpira huwezi kuiambia ipishe akina mama. Nikajitolea mimi, nikakataliwa, eti umri wangu haujafika, jambo ambalo sijawahi kuambiwa na mtu mwingine yeyote. Jirani yetu muuza vitambaa alisema ile bukta hata mumewe hajawahi kumwona nayo. Mwingine alikuwa na goti bovu, mwingine mgongo, mwingine alianguka bafuni mwaka jana. Nilizunguka mtaa mzima natafuta mwanamke wa miaka hamsini asiyeumwa popote, na ninawaambia, ni rahisi zaidi kupata mume.

Tukiwa mezani, Mama akauliza kama utani, "Na mimi je? Si nimevuka hamsini? Si nasimama siku nzima?"

Rula alimtazama kama aliyeletewa zawadi. Kwa sheria zao mzazi anaruhusiwa, ilimradi aulizwe maswali kama wengine. Basi akamuuliza palepale, kwa sauti yake ya maabara, "Una maumivu yoyote ya nyonga, goti au mguu?"

"Sina."

"Hata kidogo?"

"We mtoto, nimekuzaa mimi. Nitakuongopea?"

Ijumaa tukaenda wote watatu. Mama alivaa ile bukta, akajifunika kanga mpaka dakika ya mwisho, akabandikwa vigololi vyake, na alipoambiwa atembee kawaida akatembea kama anakwenda kupokea cheti. Kifua mbele, kidevu juu, anatua sawa miguu yote miwili. Rula akarekodi lakini akatikisa kichwa, kwa sababu hata mimi niliona yule si Mama. Akanipa ishara nianze kazi yangu.

Nikaanza na habari za saluni, akajibu ndiyo na hapana. Nikajaribu habari za shangazi, akacheka kidogo tu. Ndipo nikamuuliza, "Hivi yule msimamizi wenu wa dobini aliishia wapi na mambo ya zamu?"

Hapo nilikuwa nimegusa penyewe. Mama akawaka. Akaanza kueleza huku anakwenda na kurudi, jinsi msimamizi alivyowaondolea viti, jinsi anavyopita nyuma yao kimyakimya, jinsi alivyompa mwenzao mmoja mapumziko ya wiki moja kwa sababu alilalamika mguu, na yule mwenzao mpaka leo hajaitwa kazini. Mikono ilikuwa inaongea pamoja naye. Alisahau kamera, alisahau bukta, alinisahau hata mimi. Nikasema moyoni, leo nimefanya kazi. Nikamgeukia Rula nione dole gumba.

Rula hakuwa ananitazama. Alikuwa ameganda mbele ya kompyuta, mkono uko mdomoni. Kwenye kioo yule mtu wa mistari alikuwa anakuja, na hata mimi nisiyesomea kitu niliona. Mguu wa kushoto ulitua ukakaa. Wa kulia uligusa tu ukakimbia, na mwili wote ukainama upande ule kama ndoo imeelemea.

"Mama," Rula akasema, "nyonga ya kulia inauma tangu lini?"

Mama akasimama katikati ya chumba. "Nani kasema inauma?"

"Mama."

"Imechoka tu. Hebu endelea, niandike mzima, twende nyumbani."

"Siwezi."

Hapo na mimi nikaingia, kwa sababu sikuamini masikio yangu. Nilimwambia atumie zile hatua za mwanzo, zile za kupokea cheti. Nilimwambia leo ni Ijumaa. Nilimwambia mambo mengine pia ambayo mama yangu alikuwa anayasikia, sitayarudia hapa. Huyu mtu anatafuta mwanamke mmoja, mmoja tu, naye yuko hapa kasimama na vigololi vyake, halafu anasema hawezi.

"Dada, sikiliza," akasema. "Nikimweka kwa wazima, nitakuwa nimeandika kwamba mwanamke mzima anatembea hivi. Kesho mwingine ataingia kwa daktari anatembea hivihivi, ataambiwa hana tatizo, arudi kazini."

"Na huyu akirudi kazini?" nikamuuliza. "Huyu mama yako?"

Rula alikwenda kumbandua Mama vile vigololi, kimoja kimoja, taratibu, na Mama alitazama ukutani muda wote.

Profesa alisikiliza habari yote, Rula anasema alisikiliza vizuri sana, hata akamsifu kwa uaminifu. Kisha akasema kumi na mmoja si kumi na wawili. Arudie mwaka. Ile nafasi ya hospitali ikapewa mwenzake wa darasani, yule ambaye Rula alikuwa akimsaidia kufunga kamera. Niliposikia nilikuwa namsuka mteja, na nikavuta nywele mpaka akanishika mkono.

Rula alikuja kumwambia Mama mwenyewe, Jumapili ya wiki iliyofuata, mchana. Alikaa kwenye kigoda karibu na jiko, magoti yamefika kidevuni, akasema yote bila kuzunguka. Mama alikuwa anachambua mchele. Aliendelea kuchambua mpaka akafika mwisho wa sinia, kisha akaliweka pembeni.

"Lile kundi jingine," akasema. "La wanaoumwa. Niandike huko basi." Hakuwa anamtazama. "Inauma tangu ulipoingia mwaka wa kwanza. Asubuhi nikiamka nashika kitanda kwanza. Ngazi za dobini napanda kwa mguu mmoja. Andika yote hayo, mwambie Profesa wako mimi mwenyewe nimesema, kwa mdomo wangu. Atanihesabu?"

Rula akalivuta lile sinia karibu naye.

"Limejaa, Mama," akasema. "Lilijaa wiki ya kwanza."

Mama akatikisa kichwa kama mtu aliyefika dukani akakuta limefungwa. "Kumbe hata kuumwa kwangu hakukusaidii."

Akaegemea bega la Rula akanyanyuka, kwa sababu maji ya mchele yalikuwa yanachemka, na safari hii hakujisumbua kutembea kama mzima.