Fomu ya Mama Mdogo na Mizani Iliyopotea

Nilikwenda kwa sababu ya viatu. Mama mdogo Zuhura, mkunga wa zahanati, alipata kazi Uarabuni kwa mpango wa serikali: unakwenda kwa mkataba, unarudi, na kijijini analetwa mkunga mwingine. Aliniahidi viatu kutoka huko. Ilibaki fomu ya makabidhiano, ifike Mtwara mjini kabla ya Ijumaa mchana, la sivyo nafasi anapewa mtu mwingine. Shule ilikuwa imefungwa, mama akanituma niifuate.

Jumatano, saa mbili asubuhi, nilipanda bodaboda. Dereva alisema njia ni nzuri. Baada ya Madimba nilishuka mara tatu kusukuma mchangani.

Saa tano, Msimbati. Hapa ndipo gesi inapotoka, inakwenda Dar es Salaam kwa bomba. Wanawake niliowaona walikuwa wanapika kwa kuni. Zahanati iko kitongoji cha mbele, ambacho jina lake silitaji. Wenyewe wameniomba.

Kamati ya zahanati ilitakiwa kusaini kwamba kila kitu kipo. Kilikosekana kimoja, mizani ya watoto.

"Jumatatu ilikuwepo," alisema mama mdogo.

"Labda imetangulia Uarabuni," alijibu Bi Somoe, mwenyekiti wa kamati, uso mkavu.

Kitanda cha mama mdogo kilishauzwa, kwa hiyo nilipelekwa kulala kwa Bi Somoe. Jioni nikiinama kutafuta kandambili, nikaiona mizani chini ya kitanda, imefungwa kanga.

"Bibi, hii nini?"

"Sanduku la korosho, mjukuu wangu."

"Lina namba."

"Korosho za siku hizi zina namba. Kaa ule pweza."

Nikala. Yeye hakula.

"Mkunga aliyemtangulia aliondoka hivihivi," alisema. "Tukaambiwa mwingine yuko njiani. Tulikaa masika mawili. Na binti yangu Mwanahamisi tumbo limeshashuka. Wewe una haraka ya nini?"

Viatu sikuvitaja. Mizani nayo sikumwambia mama mdogo.

Alhamisi alfajiri Mwanahamisi akashikwa na uchungu. Kabla ya saa nne mtoto alikuwa analia. Mama mdogo akashika kadi.

"Uzito niandike nini? Mnene kiasi?"

Bi Somoe akamtazama mtoto, akanitazama mimi, akatoka. Alirudi na mizani kichwani, kamati nzima nyuma yake. Mtoto alikuwa kilo tatu na robo.

"Basi ipo," alisema mama mdogo, akitoa fomu.

Bi Somoe hajui kuandika, akaniambia nimsomee. Kitanda, kipo. Ndoo mbili, zipo. Mapazia mawili, yapo. Mizani, ipo.

"Na mkunga?"

Nikageuza karatasi. Mkunga hakuwemo.

"Mwandike chini. Mkunga mmoja, hajarudishwa."

Nikaandika. Akaweka dole gumba. Mama mdogo aligeukia dirishani, akanyoosha pazia lililokuwa limenyooka tayari.

Ijumaa, saa nne, Mtwara. Karani alisoma fomu mara mbili.

"Huu mstari haupo kwenye fomu zetu."

"Ndiyo maana tumeuongeza," nilisema.

Akagonga muhuri.

Nilichojifunza ni kwamba serikali inayajua mapazia yake. Mkunga mpya, nasikia, yuko njiani. Viatu vilifika, vinanitosha kabisa. Sijavivaa kwenda Msimbati.